Waya wa Marejeo

Siku nisiyoweza kuisahau, mwanangu, ni ile kaka yangu aliyouliza kama mashine imekufa. Siikumbuki kwa kupenda. Uzee umeninyang'anya majina ya watu na umeninyang'anya macho. Juzi nilimwita bibi yako kwa jina la dada yangu akaninunia mpaka magharibi. Lakini sauti ile haijanitoka, na jana wewe umenirudishia yote ulipokuja na kisanduku chako kipya ukanishikisha mkono ili nikijue.

Nilikipapasa vizuri. Chepesi, kina mpini kama begi la safari, ndani mna roli la waya na vigurudumu vya kuusukuma. Zama zetu mashine ya kuchomelea ilivutwa na trekta, na ikinguruma huwezi kusikizana na mtu. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nikakuuliza kazi ya kwanza iko wapi, ukasema Raskazone, kule ufukweni, geti la kusukuma limepasuka chini. Nikakuuliza waya wa ardhi utaubana wapi. Ukacheka.

"Babu, pale pana reli ya geti. Ardhi naibana kwenye reli, mchezo umekwisha."

Basi mimi usingizi ulinipaa. Leo nimekuita kabla hujaenda, kwa hiyo keti, na simu hiyo itie mfukoni. Najua una haraka. Vijana wote walionipitia mikononi walikuwa na haraka, na sina matumaini makubwa kwamba wewe ni tofauti nao. Lakini umelibeba jina la kaka yangu Mbaruku, na hilo ndilo linalonifanya nifungue kinywa tena.

Ilikuwa miaka ya kabla ya uhuru. Mbaruku alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, nami nilipata kazi kwa mgongo wake. Yangu ilikuwa kuiangalia injini ya ile mashine: kuiwasha, kuilisha mafuta na kuizima. Mbaruku alikuwa mtu wa maskhara. Alichana nywele upande na kioo hakikumtoka mfukoni, na akitaka kukutania hujifanya kiziwi, umwite weee mpaka uchoke, kisha acheke mpaka akae chini. Mimi nilimpenda kupita kiasi. Baba alikwisha kufa, na kila nilichokijua kuhusu kuwa mwanamume nilikiona kwake.

Mashine ilikuwa na nyaya mbili nene. Mmoja ulikwenda kwenye koleo linaloshika kijiti cha kuchomelea. Wa pili ulikuwa na kibanio, nao tuliuita waya wa ardhi. Neno hilo tulilipata kwa Mzee Athumani, fundi mkuu wetu, Mbondei mmoja mpole aliyejifunza kazi bandarini chini ya Mzungu. Mzungu yule kwa lugha yake aliuita waya wa udongo, Mzee Athumani akaligeuza neno kwa Kiswahili, nasi tukalipokea. Hakuna aliyeuliza.

Sasa fikiri, mwanangu. Mtu akikwambia funga kwenye ardhi, wewe unajua ardhi ni nini. Ardhi iko kila mahali, unaikanyaga. Kwa hiyo kila chuma kilicholala chini, kwetu sisi kilikuwa ardhi: bomba, nguzo, na zaidi ya vyote reli. Shamba zima lilikuwa na reli nyembamba za troli za kubebea mkonge. Tulikuwa tukibana kibanio kwenye reli hapohapo injini iliposimama, Mbaruku anakwenda zake na koleo, anachomelea troli lolote lililosimama juu ya reli ile. Na moto, yaani umeme wa mashine, ulikuja, tena mzuri. Ungegoma hata mara moja tu, labda tungeuliza. Haukugoma, nasi tukazoea.

Siku hiyo troli moja lilikuwa limepasuka chini, karibu na korona, yaani ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge. Mahali pale hapakauki. Maji ya mkonge hutiririka kutwa, yanawasha ngozi na yananuka. Wenzetu walilinyanyua troli kwa jeki, wakalikalisha juu ya mataruma, yale magogo ya kulazia reli, ili Mbaruku apate nafasi ya kuingia chini. Magurudumu yakaachana na reli. Hapakuwa na cha kutisha kukiona, nafasi ya kupitisha kiganja tu. Kibanio kilikuwa palepale kwenye reli, kama siku zote.

Mbaruku akaingia chalichali kwenye maji yale. Glovu alikwisha kuzivua, kwani zilikuwa zimelowa na zinamwasha. Nikamsikia anagonga kijiti kwenye chuma. Hapana cheche. Akagonga tena.

"Wee Bakari! Mashine imekufa?"

"Haijafa, kaka. Hiyo inanguruma, huisikii?"

"Mbona haitemi hata cheche? Imekufa hii, n'ambie kweli."

Akafanya alivyofanya siku zote akitaka kuipima. Akalitundika koleo kwenye ukingo wa troli, chuma kwa chuma. Siku nyingine zingeruka cheche, na injini ingekoroma. Siku hiyo kimya. Akaamini imekufa. Akashika ukingo wa troli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika reli, ili ajivute atoke.

Nikueleze kilichotokea, maana mimi mwenyewe sikukielewa siku ile. Mashine ilikuwa hai. Moto ulitoka, ukapita kwenye koleo, ukalijaza troli zima, halafu ukakosa njia ya kurudi, kwa sababu njia yake ilikatika pale magurudumu yalipoachana na reli. Kaka yangu akaiunganisha kwa mikono yake miwili, yuko mwili mzima majini. Moto ukapata njia, nayo ilikuwa kifua chake.

Hakupiga kelele. Nilimwita, "Kaka, toka basi niizime." Kimya. Nikajua ameanza maskhara yake ya kujifanya kiziwi. Nikamwita tena huku nacheka. Nilikuwa nacheka, mwanangu. Kisha nikaona kisigino chake kinachimba tope, kinachimba na kuacha, nikaizima injini na kukimbia.

Tulimtoa. Mzee Athumani alimkandamiza kifua mpaka jasho likamtiririka, watu wakamwambia basi, akawa hasikii. Mbaruku hakuwa na jeraha, ila kidoa kwenye kiganja kama cha mtu aliyeguswa na sigara. Nywele zake zilikuwa bado zimekaa upande.

Mama alipoletewa maiti aliigeuza mikono, akaitazama miguu, akamfunua kifua. "Mwanangu kauawa na nini? Mbona mzima huyu?" Mjini walisema ni jini la korona, shambani walisema bahati mbaya. Na matanga hata hayajaondoka, nikasikia mashine imeshawashwa kwa fundi mwingine, na kibanio kiko kwenye reli.

Makaburini, watu waliposema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, Mzee Athumani aliyekuwa kando yangu alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Sikujua kwa nini. Baadaye alinikuta nimejiinamia nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Ni kudura, mzee wangu. Siku zake zilifika."

Akanikemea. Mtu yule mpole, sikupata kumwona vile.

"Kudura ya Mungu naijua, Bakari. Usimsingizie Mungu kibanio."

Kisha akakaa chini kwenye mchanga, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Neno lile nimelileta mimi. Nimelitoa kwa Mzungu nikawapa nyie kama mtu anayegawa halua. Si waya wa ardhi ule. Moto ukitoka mashineni sharti urejee mashineni, na ule ndio waya wa kurejea. Tungeuita marejeo, mtoto gani angeubana mbali na chuma anachochomelea? Angejiuliza, huu moto unarejea kwa njia gani? Nimeyasikia leo kaburini, nimeyasikia nimechelewa."

Alirudi kazini akawa anawaambia mafundi wote: semeni marejeo, ubaneni kwenye chuma chenyewe. Walimcheka. Walisema mzee amepata wahka wa msiba. Hakukaa sana, akaacha kazi, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Neno likabaki na mimi.

Nimelibeba umri wangu wote. Nimelisema kwenye karakana za Usagara, nimelisema kwa vijana niliowafundisha kwa mkono wangu. Mbele yangu wanaitikia "marejeo, mzee," wakitoka nje nawasikia "lete ardhi, bana popote." Mmoja wao tulimzika. Nilikwenda kumpa mkono mama yake, akaniuliza swali lilelile la mama yangu, nami nikainuka nikaondoka, mtu mzima na ujuzi wangu wote. Nimechoka, mwanangu. Nakwambia kweli, usiku nikilala naona kama maneno yangu yote nimeyamwaga mchangani, na Mbaruku amekufa bure. Kisha jana wewe, na jina lake, umekaa hapa barazani ukaniambia reli. Ile ile reli.

Sasa sikiliza, maana sina nguvu ya kurudia. Geti hilo utalinyanyua ulifikie chini, huna budi. Likiachana na reli yake, wewe ndiye utakayekuwa katikati, kwenye mchanga wenye chumvi. Kwa hiyo kibanio ubane kwenye geti lenyewe, karibu na ufa, na kabla ya kubana ukwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Pale utakapolala tandika ubao mkavu. Glovu zikilowa, vaa nyingine. Kama huna nyingine, acha kazi mpaka kesho, na mwenye geti akigomba mwambie aje agombe na mimi.

Kisanduku chako usikiweke juu ya geti hata kwa dakika, kiweke kando juu ya ubao. Waya ule wa kuchomelea wote una moto, mpaka roli lililo ndani, na kuna mashine ambazo waya una moto hata kabla hujabonyeza kifyatulio. Ukitaka kubadili roli, zima mashine kwanza, maana hata vile vigurudumu vitakutafuna kidole. Bunduki yake, ile inayotoa waya, usiielekeze usoni uchungulie kama waya unatoka, wala usiuzibe kwa kiganja, nimeona waya umetokeza upande wa pili wa mkono wa mtu. Mtungi wa gesi ufunge usimame. Na wale watoto watakaokuja kutazama uwafukuze bila haya, macho yangu haya unayoyaona yameanza kwa kuchungulia moto wa kaka yangu.

Na kubwa kuliko yote: ukigonga chuma kisitoe cheche, usiseme mashine imekufa. Usiliguse geti. Usiliguse kabisa. Zima, kisha nenda kwa miguu yako uufuate ule waya wa kibanio mpaka mwisho wake, uone umefika wapi. Kaka yangu alikuwa fundi kuliko wewe na kuliko mimi, na kimya kile kilimdanganya.

Nikuulize mara moja tu. Ule waya unaitwaje? Sema kwa sauti, nisikie. Macho yangu hayatakusindikiza, lakini masikio bado yapo. Nitakaa hapahapa barazani, bibi yako ataniletea kahawa na sitainywa, mpaka nisikie pikipiki yako inakata kona. Ukifika usiniingilie kimyakimya kwa maskhara, babu yako hawezi tena maskhara ya kimya. Niite kwa jina langu.

Haya nenda, Mbaruku. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki yako, akulindie mikono na macho yako, akupe subira ambayo sisi hatukuwa nayo. Akutoe salama, na akurejeshe. Akurejeshe, mwanangu. Amin.