Fundi Aliyepumua Vizuri Akilala

Mtaani walimwita Mama Sare, maana nusu ya wanafunzi walivaa kazi ya mikono yake. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki.

Mwaka ule uchovu ulimwandama. Gauni likambana kiunoni. Akaliachia mshono, kisha akaliachia tena.

"Wifi, umri huu unatuletea kichanga? Kaka yangu yuko kaburini, tutamweleza nini?"

Wakacheka mpaka machozi. Lakini mikono ilikonda, tumbo tu ndilo lililokua. Subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, ikakataa kuingia: ncha za vidole zilikuwa zimevimba, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko.

Kilichomtisha ni pumzi. Akikaa kushona, zinakatika. Akijilaza chali, zinarudi.

"Uvivu unanitafutia kisingizio," alisema.

Safari hii wifi hakucheka. Alimvuta dirishani, akamshusha kope.

"Macho yako yana manjano. Twende hospitali."

"Nina sare za watu..."

"Watavaa za zamani. Vaa viatu!"

Daktari alimpima oksijeni akiwa amelazwa, kisha akiwa ameketishwa. Ikashuka.

"Mama, wengi wakikosa pumzi huinuka wakae. Wewe unalala. Nahisi hili limeanzia kwenye ini."

Vipimo vikathibitisha. Homa ya ini ya miaka mingi ilikuwa imeliacha ini na makovu, na vijishipa vya mapafu vimetanuka, damu inapita bila kubeba hewa ya kutosha.

"Nimechelewa?"

"Ungewahi ingekuwa rahisi zaidi. Lakini umefika kabla ya kutapika damu au kuchanganyikiwa."

Nje ya chumba alilia. "Pombe sijawahi hata kuonja. Watu watasema nini?"

"Waje waniambie mimi," wifi alijibu.

Alipewa dawa za virusi vya homa hiyo na za kupunguza maji tumboni, chumvi ikapigwa marufuku, na mtungi wa oksijeni ukawekwa nyumbani. Daktari hakumficha: dawa hizo hazitayaponya mapafu, tiba ni kupandikizwa ini, naye akaingia kwenye foleni. Wifi alipimwa virusi hivyo, akakutwa salama, akachanjwa.

Sasa godoro liko sebuleni. Wifi anakanyaga cherehani, Mama Sare anasimamia akiwa amelala.

"Fumua hiyo kola."

"Tena? Nimeshaifumua!"

"Fumua. Wewe pumzi unazo."

Wifi akasonya, akachukua mkasi, na wote wawili wakaanza kucheka.