Nakala Mbili za Mzee Kan

Kwa miaka mingi Kan Yueh-o alilala vizuri kwa sababu sauti ya marehemu baba yake ilihifadhiwa mahali pawili: kwenye C na kwenye D za kompyuta.

Mzee Kan alikuwa mchezesha vikaragosi katika mji wa Huwei, Taiwan. Jenerali, mtawa, mjane na mbwa, wote walisema kwa koo lake. Alipofariki, kikundi chake kiliendelea kuzunguka na maonyesho kwenye mahekalu. Binti alichezesha vikaragosi kwa mikono, baba akasema kutoka kwenye kompyuta. Mashabiki walikiri kwamba mzee amepata nidhamu. Sasa hachelewi.

Asubuhi moja Yueh-o alifungua hadithi ya mjane kwenye C. Kompyuta ikagonga-gonga kwa ndani, ikakwama. Akaenda D. Kugonga kulekule. Akafungua dirisha linaloonyesha ukubwa wa diski, akakuta mstatili mmoja tu, umekatwa kwa mstari: huku C, huku D.

"Chin-fa! Humu mna diski ngapi?"

Mdogo wake, aliyejikabidhi mambo yote ya umeme, alikuwa anakula wali wa nyama ya nguruwe. "Mbili, dada."

"Njoo uzihesabu."

Akaja na bakuli lake. Akatazama. "Aa. Ni moja, imegawanywa. Lakini kila fundi hapa anagawa hivyo! Windows ikifa kwenye C, vitu vyako vya D vinabaki."

"Na diski ikifa?"

Chin-fa akatafuna kwanza. "Haijawahi kufa. Si tumeiwekea vitafunio?" Akaonyesha mfuko wa kijani wa vitafunio vya mahindi uliokaa juu ya kompyuta, kama ulivyo kwenye mashine za duka na ofisi zote za mji, kwa imani kwamba zitatulia na hazitaharibika.

"Vimeisha muda tangu Agosti, mjinga wewe! Na kanda za baba?"

Jibu alilijua. Wakati wa usafi wa kufunga mwaka, Chin-fa alizitupa kanda zote zilizorekodiwa sauti ya mzee, sanduku zima, akijisifu kwamba nakala wanazo mbili.

"Umemtupa baba jalalani, ukanibakizia mstari katikati ya diski!"

"Dada, punguza sauti, majirani..."

"Majirani nitawaeleza mwenyewe, tena kwa vipaza sauti vya kikundi!"

Akapanda skuta, akarudi na diski mbili za nje, akazipiga mezani mbele ya pua ya Chin-fa. "Hii moja. Hii mbili. Zishike, zina uzito tofauti na maneno yako."

Akahamisha hadithi moja moja, huku diski ya zamani ikigonga na Chin-fa akizuiwa kugusa hata kiti. Jenerali alipita. Mtawa alipita. Hadithi ya mjane, ambayo mzee aliipenda kuliko zote, ilifika nusu; diski ikanyamaza, na haikusema tena.

Yueh-o akawasha udi, akautia mkononi mwa ndugu yake, akamsukuma hadi kwenye madhabahu ya mababu. Chin-fa akainama, akamwomba baba radhi kwa kunong'ona.

"Hasikii," alisema Yueh-o. "Taja hadithi iliyopotea. Halafu taja aliyetupa kanda."