Sahani kwa Kila Mlango

Barua pepe ya mtahini iliingia alasiri, kesho yake nikitarajiwa kutetea tasnifu yangu ya uzamivu, nayo ilikuwa na sentensi moja tu: tafadhali tuanze na lema ya kwanza. Wallahi, bora angenitukana. Mtahini anayekuletea maswali tele bado anakutafuta. Huyu alikuwa ameshanipata.

Nilikuwa nimehamia kwa dada yangu mkubwa, mjini Ukunda, kwa sababu kwetu Mkongani mtandao haupatikani ila kwa kubahatisha, na utetezi wenyewe ulikuwa wa kwenye kompyuta. Dada amepanga chumba kimoja katika ploti kubwa, milango imetazamana, ua mmoja katikati. Ilikuwa Ramadhani. Nikakaa kitandani kwake, kompyuta mapajani, koo limekauka, nikaisoma lema yangu, lile dai dogo la msingi lililobeba mengine yote, kana kwamba imeandikwa na adui.

Nieleze kidogo, maana watu wa kwetu wakiniuliza nasomea nini, huwa najibu "mahesabu" na kukimbia. Mimi nashughulika na nukta na umbali kati yake. Unachukua nukta zisizo na mwisho, unarudi nyuma, nyuma kabisa, mpaka mashimo na matuta madogo yasionekane, libaki umbo kubwa tu. Juu ya nukta hizo tunajenga aljebra za opereta. Opereta, kwa lugha ya nyumbani, ni utaratibu wa kupelekeana: kila nukta ina chake, na utaratibu unasema nani ampelekee nani, na kiasi gani. Lema yangu ilidai hivi: ikiwa kila nukta inawapelekea walio karibu tu, na hakuna anayempelekea mwenzake zaidi ya kipimo fulani, basi utaratibu mzima hauwezi kulipuka. Una kikomo. Sura zote za tasnifu zilikuwa zimesimama juu ya hapo. Lema ikianguka, digrii imekwenda, na ujana wangu wote niliouzika humo umekwenda nayo.

Nilisoma, sikuona kosa. Nikasoma tena. Hakuna! Nikaanza kumchukia yule mtu kwa dhati, na ndevu zake nilizoziona kwenye picha.

Dada alikuwa nje mlangoni na jiko la mkaa, anapika mihogo ya nazi katika sufuria iliyokuwa kubwa mno kwa watu wawili. "Wewe profesa," akaniita, "acha kununa. Njoo unishikie sahani."

"Dada, kesho wananichinja, nawe waniambia habari za sahani?"

"Wakuchinje ukiwa umeshafuturisha watu. Inuka!"

Hii ni sheria ya mama yetu. Katika Ramadhani, angalau siku moja, kila mlango unaouona ukisimama mlangoni kwako lazima upelekewe sahani. Mama haulizi dini wala kabila. Kule Mkongani, ukisimama mlangoni kwake waona nyumba chache kati ya minazi na mahindi, unazimaliza zote na sufuria bado ina chakula. Dada aliibeba sheria hiyo nzima nzima akaja nayo Ukunda.

Basi nikashika sahani, zimefunikwa kawa. Kwa mpishi wa hoteli. Kwa wale vijana wa bara wanaoendesha bodaboda. Kwa mama wa mitumba, na anayemfuata, na anayemfuata. Sahani moja kila mlango, hatua chache tu kutoka kwetu. Dada akaanza kupunguza kipimo, kisha akakwangua sufuria. Milango ilikuwa bado. Akachukua hata ile mihogo aliyotuwekea sisi. Adhana ya magharibi ikatukuta uani, sufuria tupu, na njaa inaniuma mpaka naona kizunguzungu.

"Huyu mama naye!" nikafoka. "Sheria yake ni ya Mkongani! Huku watajenga vyumba vingine, na vingine, utapika mpaka lini? Hata kama ni sahani moja tu, kwa jirani wa karibu tu..."

Sikumaliza.

Moja tu. Wa karibu tu. Na bado sufuria haikutosha. Vyumba vikiongezeka, sufuria nayo lazima iongezeke, na hakuna sufuria itakayotosha kila ploti inayoweza kujengwa. Nilikuwa nimesema kila nukta ina majirani wanaohesabika, na hilo ni kweli. Lakini sikuweka kikomo kimoja cha kuzitosha nukta zote. Nilipowaza jirani, kichwani mwangu nilikuwa naiona Mkongani. Lema ilikuwa ya uongo.

"Kula tende," dada akasema. "Mbona umepauka hivyo?"

"Dada, nimekwisha."

Palikuwa na njia ya kuiokoa: kuongeza sharti kwamba majirani wasizidi idadi fulani popote pale. Lakini sura ya mwisho, niliyoipenda kuliko zote, ilihusu hasa zile nafasi za nukta ambazo msongamano wake hauna kikomo. Sharti hilo lingeiua. Na shetani naye akaninong'oneza: pengine mtahini hajaona kitu, mzungushe kwa maneno, wewe si hodari wa maneno?

Asubuhi nyuso zikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Msimamizi wangu alikuwa anatabasamu, maskini, hajui lolote. Nje nilimsikia dada akiwatuliza watu wa ploti nzima, "Jamani, redio! Mdogo wangu anatahiniwa!"

"Lema ya kwanza," akasema mtahini. "Ni kweli?"

Nilimtazama msimamizi wangu. Kisha nikapiga moyo konde.

"Si kweli," nikasema.

Lile tabasamu likafa. Nikaendelea kabla ujasiri haujaniponyoka. Chukueni ploti, nikawaambia, kisha nyingine yenye vyumba zaidi, kisha nyingine zaidi, bila kukoma. Kila chumba kipeleke sahani moja kwa kila chumba cha ploti yake. Nilisema sahani kweli, mbele ya maprofesa, na sikuona haya.

Wakanitoa ili washauriane. Nikabaki natazama kioo kitupu, nikisoma kila dua niliyoijua. Waliponirudisha, mtahini ndiye aliyesema: sharti liongezwe, sura ya mwisho iondolewe yote. Digrii nimepewa.

Nilipaswa kushangilia. Nililia mpaka dada akadhani nimeanguka, nikashindwa hata kumweleza kwamba ni sura yangu ninayoililia.

Jioni mlango ukabishwa. "Sasa madam," kijana wa bodaboda akasema, "sahani yenu hii. Tumeskia umepita!" Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu; hata hawa wa bara wameshazoea. Ndani mlikuwa na chapati. Nyuma yake alisimama mpishi na wali wa nazi, kisha mama wa mitumba na githeri, kisha kaimati, kisha omena, kisha sikuweza tena kufuatilia. Moja tu kila mlango. Zikajaa mezani, zikajaa sakafuni, nyingine ikakaa juu ya kompyuta, mpaka dada akakosa pa kukanyaga.

"Yarabi!" akashika kichwa. "Nani atakula vyote hivi?"

Adhana ikalia. Nikakaa katikati ya kosa langu, nikala.