Nafasi ya Cirimwami

Namegabe, fundi cherehani wa mtaa wa Mutakura, alikuwa amekisoma kitabu alichoandika Papa Dieudonné mara tatu, na kila mara kilimkaa vibaya moyoni. Mzee huyo, mwanajeshi aliyekimbia Kongo kama yeye, alikumbuka kila kitu cha vita: rangi ya mbuzi waliyemla, nani alikoroma, nani aliiba sabuni. Lakini alipofika kwa Cirimwami, kaka yake Namegabe, kumbukumbu ilimwishia ghafla. "Alivuka mto pamoja nasi, kisha msitu ukammeza." Basi. Mbuzi kapewa ukurasa mzima, mtu kapewa mstari mmoja!

Kwa sababu ya mstari huo mama yao alikataa katakata kuweka matanga. Aliyevuka anaweza kurudi, alisema, na mlango ukigongwa alikuwa wa kwanza kuinuka. Namegabe alipomuuliza mzee, alijibiwa kwa upole uliomzidishia shaka: "Soma kitabu, mutoto yangu. Yote iko mule."

Kisha Maxime, mwanafunzi wa mtaa wa Kinindo, akakigeuza kitabu kuwa mchezo. Kila mchezaji huchukua nafasi ya mtu wa kitabuni, husema atafanya nini, halafu hutupa dadu kujua kama ameweza. Mzee alialikwa kama mgeni wa heshima. Namegabe alikwenda bila kualikwa.

"Mi nitakuwa Cirimwami," alisema, akaketi mkabala na mzee. Mzee akaacha kutafuna karanga.

Mchezo ukawafikisha mtoni, adui wakiwa nyuma yao. Wachezaji wengine wakavuka mmoja mmoja kwa kushika kamba iliyofungwa toka ukingo hadi ukingo.

"Na mi nashika kamba, nawafuata," Namegabe akasema, akatupa dadu. Sita!

"Umevuka!" Maxime akapiga makofi.

"Apana!" Mzee alikuwa amesimama. "Hakuvuka. Nilikuwa nimeshakata kamba. Adui walikuwa wamefika kwa kamba, na yeye alikuwa katikati ya maji."

Maxime akapekua kitabu. "Lakini Papa, hapa muliandika..."

"Najua niliandika nini."

Namegabe alilia palepale, mbele ya wageni, bila haya. Miaka yote alimshuku mzee huyu, na sasa kuthibitika kwa shaka yake hakukumpa raha hata kidogo.

"Tuende kwetu, Papa," alisema alipoweza kusema. "Mama utamuambia weye mwenyewe."

Mzee akaomba iwe kesho. Namegabe alimshika mkono, akamwongoza mlangoni, kuelekea kwa mama.