Oili ya Gari Lisilotoka

Saa tatu asubuhi, Mama Spana amelala chali juu ya kipande cha boksi, uvunguni mwa gari jekundu la milango miwili. Miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Gari la spoti limeinama chini mno, na jeki imelinyanyua kidogo tu.

"Humu wanafaidi wembamba," anasema kutoka uvunguni. "Mimi nimeingia kwa kubana pumzi."

Kazi ya leo ni kumwaga oili. Mwaka mzima gari hili halijavuka geti.

"Fundi, kitu chenyewe kimekaa kama sofa," anatania kijana wa mwenye gari, ameegemea mlango wa banda la gari. "Sofa nalo linamwagwa oili?"

"Sofa halina injini, kaka. Ngoja nimalize, ndipo unicheke."

Mama Spana ana miaka arobaini na saba. Katika usichana wake alikuwa akimpelekea mjomba wake chakula gereji, kisha anakawia kurudisha vyombo. Siku moja mjomba akamwambia: shika spana, au ondoka unanizibia mwanga. Akashika. Leo ana gereji yake yenye nafasi ya magari mawili. La tatu hutengenezewa nje. Wiki nzuri hulipa kodi na ada za watoto. Wiki mbaya hurudi na masizi tu.

"Wateja wapya kumi wakija, wanne wataniuliza fundi yuko wapi," anasema. "Nami nimeshika spana!"

Gari la kazi humwagwa oili kwa kuhesabu kilomita. Gari la kukaa, anasema, huhesabiwa miezi: mwaka ukitimia, imwagwe, hata kama halikutembea, kwa sababu oili nayo huzeeka.

Lakini leo si uzee tu. Ametoka uvunguni, amefungua kifuniko cha oili juu ya injini na kukuta utando mzito, rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Anachungulia rejeta: imejaa, maji safi. Hakuna kinachovuja; maji ya kwenye oili hayatoki humo.

"Mama, nani analiwasha gari hili?"

Mwenye gari, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mumewe, yuko kibarazani.

"Mimi. Kila Jumapili, dakika tano, halafu nazima. Si wanasema gari lisipowashwa linakufa?" Anavuta khanga yake begani. "Halafu ule mngurumo, mwanangu. Marehemu akifika kona ile, nyumba nzima ilijua baba karudi."

Mama Spana anajifuta mikono polepole. Angeweza kumwaga, kujaza, na kwenda zake.

"Mama, ukibandika sufuria ukaiepua kabla haijachemka, si kifuniko kinabaki na matone? Ndivyo unavyoifanya injini. Inapata uvuguvugu, inatoa jasho, unazima. Jasho linabaki humo humo. Ukiendelea hivi, itakufa mikononi mwako."

Mama anatazama chini. "Basi nisiusikie tena mngurumo wake?"

"Uusikie barabarani. Liendeshe nusu saa, injini ipate moto sawasawa, hayo maji yatoke yote."

"Mimi? Miaka thelathini kiti changu ni cha abiria. Leseni ninayo, lakini hili lilikuwa lake."

"Mama, si tuliuze tu?" anadakia kijana.

"Kauze viatu vyako!"

Fundi anacheka mpaka anashika bampa. Kisha anamaliza kumwaga oili chafu, anamimina mpya, anafunga kifuniko, na kumpa mama ufunguo. Mama anaushika kwa mikono miwili, anaulizia breki, anaulizia gia, anaulizia breki tena. Leo atazunguka mtaa tu, fundi akiwa pembeni.

Wamepatana kutoka hivyo kila baada ya wiki mbili, mpaka mama azoee. Mama Spana hatatoza safari hizo. Anachotaka ni kimoja.

"Mwakani nikija kumwaga oili," anasema huku akifunga mkanda, "niambiwe: fundi, subiri kidogo, mama ametoka nalo."