Kidole Nilichokificha

Nilipokuwa mtoto pale Bugarama, Ngara, kuna wakati nilikuwa nikienda shule na kurudi nikiwa nimekunja kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kama mtu aliyeficha peremende. Mwalimu alidhani nimechomwa na mwiba. Mama hakudhani chochote, maana siku zile mama alikuwa anatutazama bila kutuona. Ni mimi tu niliyejua: kidole kile nilikinyoosha kwenye kaburi la babu.

Kwetu wafu walizikwa nyuma ya nyumba, mgombani. Na kila mtoto alijua kwamba kaburi halionyeshwi kidole. Ukilionyesha, kidole kinaoza mpaka kikatike. Ukijisahau ukalionyesha, dawa ni kuving'ata vidole vyote kumi palepale, kimoja kimoja. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha hivyo, na bibi hakuwa mtu wa kubishana na watoto.

Siku hiyo tulikuwa tunamtafuta kuku aliyezoea kwenda kutaga vichakani. Nikamwona amejibanza kwenye mawe ya kaburi. "Yule pale!" nikapiga kelele, na kidole kikaenda chenyewe.

"Ng'ata! Ng'ata upesi!" akapiga yowe binamu yangu Zabroni.

Nikang'ata. Lakini kwa ile haraka, baadaye sikuwa na hakika kama kidole kidogo cha kushoto nilikifikia. Zabroni, aliyenizidi umri kidogo na uongo sana, akanieleza kwamba kidole kisipooza, balaa humrukia yule unayekula naye sahani moja. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Mimi nilikuwa nakula sahani moja na mdogo wangu Deo, ambaye alikuwa hajaanza shule, na ambaye alikuwa anamaliza maharage yote kwanza halafu ananiachia ndizi.

Wiki haikwisha, Deo akashikwa na homa. Alipoanza kuweweseka, baba alimpakata kwenye pikipiki ya jirani wakaenda hospitali. Mimi nikapelekwa kulala kwa mama Anisia, ng'ambo ya bonde. Niliporudishwa nyumbani, watu walikuwa wamejaa uani, wamekaa kwenye nyasi kimya, na mama amejifunika kanga mpaka kichwani.

"Deo yuko wapi?" nikauliza.

"Amekwenda Nyamahanga kwa shangazi yenu," baba akajibu huku akitazama paa. "Atarudi."

Siku hizi nasikia watu wazima wakisema mtoto mdogo haelewi kifo. Jamani! Mtoto anaelewa kwamba sahani aliyokuwa anaigombania sasa ni yake peke yake na chakula hakipiti kooni. Ninachojua ni kwamba nilijua, na sikujua. Ningezunguka nyuma ya nyumba mara moja tu ningeuona udongo mpya. Lakini kule ndiko kidole changu kilikokosea, nami nilikuwa nimeapa sitakukanyaga tena. Basi nikawa namngoja Deo. Niliamini akirudi mzima nitakuwa nimesamehewa, nami nitakunjua mkono wangu.

Maharage yalipovunwa, shangazi akaja kutoka Nyamahanga, kapu kichwani. Nilimkimbilia mpaka njiani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. "Mbona umemwacha Deo?"

Shangazi alitua kapu chini, akaziba mdomo, akamtazama baba aliyekuwa amesimama mlangoni. Baba akaniambia niende nikachote maji.

"Siendi," nikasema. Sijawahi kumjibu baba vile kabla ya siku ile. "Deo amekufa?"

Baba akatazama tena paa. Ndipo nikakunjua kidole mbele yao wote, nikasema yote kwa mkupuo, kuku, kaburi, kidole kidogo cha kushoto, sahani moja. Nikasema nimemuua Deo. Bibi alikuwa mkekani anapepeta maharage. Aliweka ungo chini, akasimama.

"Basi. Imetosha."

"Mama, huyu ni mtoto," baba akasema.

"Ndiyo, mtoto. Na amebeba mzigo ambao wewe na ndevu zako usingeuweza."

Akanishika mkono, tena kwa kidole kilekile, akanipeleka mgombani mchana kweupe, huku miguu yangu inakataa. Kando ya kaburi la babu palikuwa na jingine, fupi. Bibi akakaa chini, akanikalisha karibu yake.

"Deo amekufa," akasema. "Hayuko Nyamahanga. Hajasafiri na hajalala usingizi. Amekufa, na tumemzika hapa karibu na babu yake."

"Ni mimi?"

"Ni malaria. Mbu alimuuma, homa ikampanda kichwani. Na sisi wakubwa tulikaa tukimkanda na maji tukidhani itashuka, tukachelewa kumfikisha kwa daktari. Hicho kidole chako hakina nguvu ya kuua hata inzi."

"Lakini wewe ndiye uliyesema kinaoza!"

Bibi akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Alinyoosha kidole chake, kile kilichopindwa na mpini wa jembe, akakielekeza moja kwa moja kwenye kaburi la mume wake, akakishikilia palepale.

"Bibi, ng'ata!" nikalia. "Bibi, ng'ata!"

Hakung'ata. Alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Huyu tumeishi naye mpaka tumezeeka. Ananijua." Kisha akashusha mkono. "Sasa nisikilize. Wewe ukininyooshea mimi kidole nikiwa nimekaa nakula, nitakufanya nini?"

"Utanichapa."

"Nitakuchapa kweli. Babu yako hawezi tena kukuchapa, wala kukukanya. Deo hawezi kusema amekasirika. Sasa wao hawawezi kujisemea, tunawasemea sisi tuliobaki. Ndiyo maana tunawakataza ninyi watoto kuwaonyesha kidole. Hiyo habari ya kuoza tuliongeza sisi wazee, ili mtusikie."

Akaukunjua mkono wangu wote, kiganja juu, vidole vyote vimenyooka, vile tunavyomkaribisha mgeni kiti. "Hivi," akasema. "Mwonyeshe mdogo wako hivi." Nikamwonyesha. Ndipo nikalia mpaka nikachoka, na bibi hakunikataza.

Mwaka huu tumemzika bibi mwenyewe. Mimi nimeolewa Nyamahanga, nikaja na binti yangu Hilda wa darasa la kwanza. Nilipofika nikakuta mambo yameshapangwa: watoto wapelekwe kwa jirani mpaka mazishi yaishe, waambiwe bibi amesafiri. Nikasema wa kwangu haendi. Shangazi, ambaye naye sasa anatembea kwa fimbo, akanivuta pembeni.

"We Adela, mtoto ataogopa."

"Ataogopa huku nimemshika mkono, shangazi. Mimi niliogopa peke yangu."

Nadhani alilikumbuka lile kapu. Halafu akaenda mwenyewe kuwarudisha watoto wengine waliokuwa wameshafika kwenye kona ya njia.

Hilda alisimama mbele yangu wakati jeneza linashushwa. Akauliza kama bibi anapumua humo ndani. Nikamwambia hapana, aliyekufa hapumui, haoni giza wala hasikii baridi. Akauliza sasa roho iko wapi. Nikamwambia sisi tunaamini iko kwa Mungu, hilo hatujaliona kwa macho, ndiyo maana tunaliombea. Nikampa udongo kidogo, naye akautupia kaburini polepole kama wenzake.

Watu walipoanza kutawanyika akaja mzee mmoja kutoka mbali, amechelewa, vumbi mpaka magotini. Wa kwanza kukutana naye uani alikuwa Hilda. Nilikuwa jikoni nikiosha vyombo, nikamsikia akisema, "Shikamoo babu. Bibi amekufa, tumeshamzika. Karibu, yuko huku."

Nikachungulia. Mimi hadi leo nikiingia mgombani kidole changu hujikunja chenyewe. Akili ilielewa siku ileile, kidole bado kinasitasita. Hilda alikuwa ametangulia mbele ya mgeni, mkono ameunyoosha kuelekea kaburini, kiganja juu, vidole vyote vimekunjuka.