Marlys Hakuita Ambulensi

Marlys Dettweiler alihamia Kanada akiwa na miaka sitini na mbili. Mama mzazi wa mumewe, Verlin, alizaliwa jimbo la huko, Nova Scotia, na sheria ikamhesabu Verlin kuwa raia. Basi wakauza nyumba yao ya Ohio, Marekani, wakapanga nyingine mjini Truro, katika jimbo hilo, na Marlys akajipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kulinganisha nchi hizo mbili.

Kila Jumapili dada yake Joyce alipiga simu kutoka Ohio, naye Marlys alikuwa na majibu tayari. Siagi, ghali. Bili ya simu, wizi wa mchana kweupe. Daktari wa familia, unajiandikisha kwenye orodha halafu unakaa kuzeeka. Lakini ukilazwa, hakuna anayekuuliza kadi ya benki.

"Hata ambulensi?" Joyce aliuliza.

"Ambulensi unalipa kidogo. Haizidi bei ya buti nzuri za theluji."

"Nenda zako, muongo we!"

"Haki ya Mungu. Nimeisoma kwenye karatasi yao."

Kwa hiyo alijua, tena alijua vizuri. Hapo ndipo panaponiudhi.

Asubuhi moja ya Februari, Verlin alikuwa akipaka siagi mkate, kisu kikamponyoka. Akataka kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Marlys akashika simu.

"Usiite ambulensi," Verlin akasema, maneno yakiburuta. "Nipeleke we mwenyewe."

Miaka ya nyuma, kule Ohio, Verlin alianguka kutoka kwenye ngazi, akabebwa na gari la wagonjwa mitaa sita tu, na safari ile waliilipia miaka miwili. Tangu hapo nyumbani kwao kukawa na amri: mtu akiumia, gari letu lipo. Wamarekani wengi wana amri hiyo. Wengine huita teksi huku damu inawachuruzika. Marlys hakufikiri. Aliiweka simu mezani, akachukua funguo.

Gari lilikuwa limezama kwenye theluji mpaka madirishani. Akashika koleo, akaanza kulifukua. Jirani yao Eunice akachungulia mlangoni kwake.

"We Marlys! Kulikoni?"

"Verlin hajisikii vizuri, nampeleka hospitali."

"Na koleo? Piga simu, mwanamke! Ambulensi si ziko hapo chini tu, nyuma ya kanisa?"

"Tunafika, tunafika!"

Walifika baada ya saa nzima, maana njiani walikwama nyuma ya gari la kusafisha theluji, na lile halina haraka na mtu.

"Ilianza saa ngapi, mama?" daktari akauliza.

"Saa mbili kasoro."

Daktari akatazama saa ya ukutani. "Mmekuja na nini?"

"Na gari letu."

Hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alisema tu kwamba ni kiharusi, na kwamba kila dakika ilikuwa na thamani yake, kisha akaenda zake kufanya aliloweza.

Verlin hakufa, ila sauti ilizimika. Marlys akawa anakwenda hospitali asubuhi na kurudi jioni. Joyce alipopiga, alimweleza kwamba chumba ni cha watu wawili, supu haina chumvi, manesi ni wapole. Alisema hayo yote kama anasoma taarifa ya habari. Alikuwa amekufa ganzi. Alijaribu kulia, kilio hakikuja. Alichotaka ni kimoja tu, Verlin aseme neno, hata kama ni tusi.

Mtaalamu wa kufundisha kusema, bwana mmoja aitwaye Gaudet, alikuja kila siku na picha zake: kikombe, mbwa, mwavuli. Verlin alizitazama akanyamaza. Siku ya ishirini na tatu aliisukuma picha ya mbwa pembeni. Akatazama kitanda, mashine, dirisha pana, kisha akamkazia macho mkewe. Jasho likamtoka.

"Nga... ngapi?"

Gaudet akapiga makofi. "Umemsikia, mama? Kasema!"

Marlys aliinama karibu na sikio la mumewe. "Hatudaiwi, mzee wangu. Hapa ni bure."

Verlin akatikisa kichwa, haamini. Kisha, kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kujifunua shuka, akashusha mguu mmoja sakafuni, akitafuta viatu.